Herufi ya Ukurasa wa 47

Kisangani, mtaa wa Kabondo
(Posta wanataka tuandike Stanleyville, haya, Stanleyville)
Tarehe 9 Machi 1956

Kwa Bwana Évariste Kalonda, mwandishi wa kitabu, Kindu

Bwana mwandishi,

Hunijui. Mimi ni Octave Losala, fundi wa velo, baiskeli za watu. Shule sikuingia. Kusoma nilijifunza mwenyewe kwenye mikebe ya maziwa, kisha kwenye magazeti yanayofungiwa vipuri, ndiyo maana habari nyingi ninazozijua hazina mwisho: zinakatika pale karatasi ilipochanwa. Kitabu chako *Nyumba Saba* ni habari ya kwanza niliyoifikisha mwisho. Nakushukuru kwa hiyo.

Kila siku ya Mungu, yaani Jumapili, Misa ikiisha, ninashuka nacho kwenye maporomoko kuwasomea watu wangu. Sisi ni wavuvi wa pale. Unapajua, au umesikia: miti mirefu imesimikwa katikati ya maji makali, vikapo vikubwa vinaning'inia kwa kamba za porini, mwanaume anashuka kutazama kama samaki ameingia. Mimi kazi hiyo niliiacha zamani. Velo ikikutupa, unaanguka pahali unapoweza kuonekana.

Bon. Watu walikipenda kitabu. Mutu amechukuliwa na maji, maiti haionekani, na nyumba saba zinagawana matanga: hii inaleta kuni, hii inateka maji, hii inachunga watoto wa wengine. Nyumba ya tano, yenye kazi ya kuwachekesha waliofiwa, ilituletea ugomvi, maana kila mutu alisema ni ya kwake. Mama Angèle alisema hata samaki wako ni wazuri, ila wanaingia kikapo kwa utii sana, wamefundishwa na mapadri.

Alors, tarehe 26 Februari tukafika ukurasa wa 47. Nilisoma hivi, mbele ya watu wote:

«Mama yake alimula mbele ya nyumba saba, na hakuna mutu aliyemuzuia.»

Alimula, bwana mwandishi. Mama alimula mutoto wake. Hata wewe wa Kindu unajua kwamba kwetu kumula mutu si kwa meno. Ni kwa uchawi: unamuuza, maji yanampokea, unabaki unalia kama wengine.

Kisha nikaona vichwa vinageuka kimoja kimoja. Iko pale mama mumoja, Mama Julienne. Mutoto wake Timothée alichukuliwa na maji mwaka 1941, na mpaka leo hakuonekana. Watu waliona kitabu kimemtaja yeye. Siku ya tatu katekista Félicien alikuja dukani kwangu, akakishika kitabu, akatazama kwa macho yake. Akakuta «alimula». Basi ikawa imekwisha: jambo limeandikwa kwa machine.

Sasa hakuna anayepokea samaki mukononi mwake. Akipita na ndoo, wanawake wanaita watoto. Papa Urbain, mukubwa wa miti yetu, amesema siku ya Mungu ya kwanza ya mwezi wa sita awe ameondoka, aende kwa kaka yake huko Masako, porini. Ana miaka sitini na kitu. Hajawahi kulala pahali asiposikia maporomoko.

Nakuomba uandike kwamba ulikosea. Ukiweza, weka muhuri. Watu wetu wanaheshimu kitu cha duara.

Mimi msomaji wako,
Octave Losala

---

Kindu, 24 Machi 1956

Ndugu Octave,

Nilianza barua yako nikicheka. Nilipofika ukurasa wa 47 nikaiweka chini, nikatoka nje, nikarudi.

Sikuandika «alimula». Niliandika «alimulia». Alimulia mutoto wake, yaani alitoa machozi, alifanya matanga. Herufi moja, ile *i*, ndiyo inayotenga machozi na chakula. Padri aliyesahihisha maandiko yangu alinishauri niandike «alimlilia», kama watu wa pwani. Nilikataa. Nilimwambia mama zetu hawalii Kiunguja. Padri akasema: «Haya, Évariste, utaona.» Nimeona. Wachapaji wataniua.

Ndani ya bahasha hii iko barua ya pili, ya kusomewa watu. Nimesema wazi kwamba mama wa kitabu alilia, hakumula mutu, na kwamba simjui Mama Julienne wenu. Nimegonga muhuri wa ofisi. Kwa kweli ni muhuri wa kupitisha magunia ya mchele, lakini ni wa duara, kama ulivyotaka.

Nikuambie jambo moja. Mwaka huo wa 1941 nilipita Kisangani nikienda kuanza kazi. Treni ilichelewa ng'ambo ya mto, na tukasikia wanawake wanalia kutoka maporomoko, sauti inakuja juu ya maji na kukatika, inakuja na kukatika. Niliuliza. Muuza ndizi akasema: «Maji yamechukua mutu, hawajamupata.» Hiyo tu. Niliibeba miaka kumi na mbili mpaka ikawa kitabu. Yawezekana ni yeye huyo Timothée. Nisamehe nikiuliza: alipotea namna gani? Nani alikuwa naye?

Wako,
Évariste Kalonda

---

Kisangani, 14 Aprili 1956

Bwana mwandishi,

Barua yako niliisoma Jumapili baada ya Pasaka. Papa Urbain aliomba karatasi. Hajui kusoma, lakini alitazama muhuri sana, akaugeuza kwenye jua, akanusa.

«Huu nimeuona,» akasema.

«Wapi, Papa?»

«Kwenye gunia ya mchele. Mutu wako wa Kindu anatutakasia mama kwa muhuri wa mchele?»

Watu walicheka, hata mimi. Kisha akasema: «Sikiliza, Octave. Mutu ameandika kwa machine, sasa anakataa kwa mukono. Mimi ninaamini machine. Machine haina mama, haina shemeji, haiogopi mutu.»

Donc, sisi bado ni pale pale.

Mama Julienne alikuja dukani Jumanne. Ninampelekea chumvi na mafuta ya taa kila Jumamosi tangu zamani, lakini yeye kuja Kabondo kwa miguu ni mara ya kwanza. Alikaa juu ya gurudumu bovu, akapumzika, akasema: «Nisomee lile neno tena, mwanangu.»

Nikasoma.

«Iko imeandikwa hivyo?»

«Iko imeandikwa hivyo, mama.»

Nilikuwa ninapampu tairi, nikaendelea, maana sikujua mikono niifanyie nini. Mwisho akasema: «Basi labda ni kweli. Labda mutu anaweza kumula mutoto wake bila kujua. Siku ile ni mimi niliyetuma chakula.» Akasimama, akajipangusa mavumbi, akaenda. Tairi lilipasuka. Lilikuwa la katekista Félicien, na hilo peke yake ndilo sikulijutia.

Sasa swali lako. Timothée alishuka kutazama kikapo, kamba kiunoni. Mutu moja alikuwa juu ya mti, ameshika kamba. Kamba ilikatika. Iko hivyo tu.

Mti ule bado umesimama. Hakuna aliyetaka kuung'oa wala kufunga kikapo hapo. Nikisoma, ninakaa nimeuelekea, maana jiwe zuri la kukalia liko upande huo.

Tafadhali, tafuta namna ya kupata sahihisho lililochapwa. Kwa machine.

Octave

---

Kindu, 2 Mei 1956

Ndugu Octave,

Nimefanya kama ulivyoomba, na sasa sijui niandike vipi.

Kabla ya kuwaandikia wachapaji niliona niwe na ushahidi. Nikafungua kitabu changu, ukurasa wa 47. «Alimulia». Nikasema: hiki ni changu, labda walinichagulia kizuri. Nikaenda kwa mwalimu Cyprien: «alimulia». Kwa masista wa hospitali: «alimulia», na tone la dawa juu yake. Nimetazama vitabu tisa hapa Kindu. Watu wananiona ninaingia nyumba zao, ninafungua kitabu changu mwenyewe, ninatoka bila kunywa maji. Wanasema uandishi umenipanda kichwani. Wachapaji wamejibu kwamba vitabu vyote mia tatu vilitoka kwenye chuma kimoja. Herufi haiwezi kuwepo kwa watu wa Kindu na kukosekana kwa mutu moja wa Kabondo.

Wewe ulijifunza peke yako, na mwanga wa duka pengine ni mdogo. Si aibu. *i* ni herufi nyembamba. Nimekufungia miwani ya marehemu baba yangu. Sikio moja nimelishona kwa uzi. Ivae, tazama tena. Na katekista wako, naye atazame tena.

Ukishindwa, kata ukurasa huo uniletee kwa posta. Nitautazama mwenyewe.

Évariste

---

Kwenye maporomoko, 16 Mei 1956

Papa ya kitabu, mutoto wangu,

Ni mimi Mama Julienne. Anayeandika ni Adèle, binti ya dada yangu, anafundisha watoto ya masista. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemukataza kutengeneza maneno yangu.

Sikuandikii kwa kugombana. Nataka kukuuliza: ule mama wa kitabu yako, mutoto wake anaonekana mwisho? Octave hajatufikisha. Tangu ile siku hasomi tena.

Nguo zangu nimefunga. Masako iko mbali na maporomoko. Watasema nitazoea.

Adèle anasema alitazama kitabu dukani kwa Octave, pale pa lile neno karatasi iko nyembamba, mwanga unapita. Mimi sijui karatasi. Najua mutoto. Octave anasoma akiinama, pua karibu iguse kitabu, tunamuchekaka. Lile neno alilisema kichwa juu. Alikuwa anatazama mti. Hakutazama kitabu hata kidogo.

Nikuambie na hii, Adèle aandike vizuri. Ile siku ya Timothée nilituma chikwange ya muhogo na samaki ya moshi, vifungo viwili ndani ya majani, kimoja ya mutoto wangu, kimoja ya mwenzake aliyeshika kamba. Jioni walinirudishia kitunga. Ndani, kifungo kimoja kilikuwa kimefungwa vile nilivyofunga. Kingine kilikuwa kimefunguliwa, chikwange imeumwa mara moja.

Mara moja tu. Imewekwa chini.

Mimi sisemi kitu. Nasema kile kilichorudi. Miaka kumi na tano sijasema, kwa sababu aliyeshika kamba alikuwa mutoto pia, na alikuja kila Jumamosi ya posho na chumvi, na mama hawezi kupoteza wawili kwa siku moja.

Lakini sasa wananifukuza kwa maji yangu. Usimuandikie kwa hasira.

Mama ya Timothée

(Nimeandika kama alivyosema. Alama ya kidole ni yake. Adèle.)

---

Kindu, 24 Mei 1956

Ndugu Octave,

Miwani usinirudishie. Naona haukuwa ugonjwa wa macho.

Siku ile vilitumwa vifungo viwili vya chakula. Kimoja kilirudi kimefunguliwa, kimeumwa mara moja. Mama Julienne anajua. Amejua siku zote.

Évariste

---

Kisangani, 4 Juni 1956

Bwana Évariste,

Barua yako nilipewa Alhamisi. Nilifunga duka. Nina siku tatu, nikasema, na sikuzitumia kwa kitu chochote. Nilikaa nikitazama spoki.

Nitaandika jambo hili kwa utaratibu, maana nikiliacha lijiandike lenyewe litakatika kama gazeti.

*i* ilikuwepo. Niliiona wiki nzima kabla ya kusoma, maana kila ukurasa ninaujaribu kwanza peke yangu dukani. Imesimama wima na nukta yake juu kama mutu na kofia. Nilipofika pale mbele ya watu, nikainua kichwa, nikauona mti wa Timothée, na mudomo ukasema «alimula». Hapo sikukusudia. Mudomo ulikuwa unasema habari nyingine.

Ningeweza kusahihisha palepale. Mutu anakosea, anacheka, anarudia. Lakini nilikuwa ninangoja macho yaje kwangu, nilikuwa na hakika yanakuja, na yakaenda kwa mama. Bwana Évariste, nilipumua. Mara ya kwanza tangu mwaka 1941 nilipumua mpaka chini ya tumbo. Kwa pumzi hiyo moja nikamwacha. Jioni ile nikachukua wembe ninaokwangulia mpira wa tairi, nikaikwangua *i* isiwepo. Nilibonyeza zaidi kidogo kuliko inavyotakiwa. Upande wa pili, ukurasa wa 48, wembe ulikula *y* ya «nyumba», sasa watu wako wanaishi kwenye «numba», kama tunavyosema sisi. Hakuna aliyelalamika.

Na kukuandikia wewe nilitaka nini? Nilitaka umwokoe mama bila mimi kuonekana. Mutu wa Kindu aseme alikosea, mama abaki, fundi wa velo aendelee kuleta chumvi. Hesabu nzuri. Ilikosa herufi moja.

Jana, siku ya Mungu, nilishuka. Mama Julienne alikuwa amekaa nje, nguo zake zimefungwa kwa shuka. Kaka yake wa Masako alikuwa amekuja na mutumbwi mudogo. Papa Urbain alisimama kando, hamtazami mutu. Nikavaa miwani ya baba yako. Sioni kitu nikiivaa, kila kitu iko ukungu, lakini niliona inafaa watu wasionekane vizuri.

Nikasema: «Kuna kosa nilisoma. Nitarudia.»

Félicien akasema: «Niliona mwenyewe.»

«Uliona nilichokwangua,» nikamjibu. «Shika uweke kwenye jua.»

Akashika, akaweka kwenye jua. Mwanga ulipita pale, ukaanguka shavuni kwake, tundu dogo kama punje. Akaliona. Mimi nikasema sentensi bila kitabu: «Mama yake alimulia mbele ya nyumba saba, na hakuna mutu aliyemuzuia.»

«Sasa umekwangua kwa nini?» Papa Urbain akauliza. Hakupaza sauti, akachukua kitabu kwa Félicien, akanirudishia.

Nikasema. Nilisema kwamba siku ile kamba haikukatika. Nilikuwa juu, nimeishika kwa mikono miwili. Timothée alikuwa chini kwenye kikapo, ananitukana kwa kucheka, anasema ninashika kamba kama mwanamke anashika kuku. Kitunga cha chakula kilikuwa karibu yangu. Nilisikia harufu ya samaki wa moshi. Nikasema, mukono mumoja unatosha. Nikaachia wa kulia, ule ambao watu wa vitabu wanauita hivyo kwa sababu ndio wa kulia chakula, nikafungua majani, nikauma. Kamba ikavuta, ikanitoka mukononi. Nilitazama, na nilikuwa bado sijameza. Hakulia. Maji tu. Baadaye niliikuta kamba imenasa kwenye mti bila yeye, nikaitupa isije ikaonekana nzima.

Nikawaambia: «Mnatafuta aliyekula. Aliyekuwa anakula ni mimi.»

Papa Urbain alivua kofia yake, akaivaa, akaivua. Mwisho akasema mguu wangu usipande tena kwenye miti yao, na hilo nilikuwa nimekwisha kujihukumu. Akasema pia matanga ya Timothée yalifanywa juu ya uongo, kwa hiyo hayakufanywa. Yataanza upya leo, na mimi nitakaa nje ya nyumba ya mama siku zote za matanga, juu ya mukeka, kila nyumba inione. Ndipo ninapoandikia barua hii. Mukeka una mchwa.

Mama Julienne alisimama. Aliingia ndani. Nikafikiri anachukua mzigo aondoke. Alitoka na kifungo cha majani. Alikuja polepole, akakiweka mbele yangu, akakifungua yeye mwenyewe. Chikwange na samaki wa moshi.

«Hukumaliza,» akasema.

«Mama, siwezi.»

«Miaka kumi na tano iko inaningoja nyumbani, Octave. Kula.»

Nikala. Yeye alisimama mbele yangu akinitazama mudomo kama mutu anavyomtazama mutoto muchanga. Nilipofika nusu, akaanza kulia. Si kwa sauti ya matanga ile inayoshikana na ya wengine. Sauti yake peke yake, mbaya, ya kukwaruza, kama kitu kilichofungwa siku nyingi. Wanawake walisogea wamushike. Adèle akawaonyesha kwa mukono wamuache.

Kitabu chako kinasema nyumba saba. Nilihesabu, zilizotuzunguka zilikuwa kumi na moja. Lakini sitakusahihisha tena.

Kaka yake amerudi Masako na mutumbwi mutupu. Leo asubuhi Mama Angèle alinunua samaki mukononi mwa mama, akamlalamikia ni mudogo, na mama akamjibu jibu ambalo siwezi kuandika kwa mutu wa ofisi.

Ananiuliza bado kama yule mutoto wa kitabu anaonekana mwisho. Ninajua kwamba haonekani. Leo jioni nitamusomea mpaka pale. Ameomba nimusomee ukurasa wa 47 kwanza, na niutazame nikiusoma.

Jambo la mwisho. Jana nilikula kwa mukono wa kushoto, mbele ya watu wazima, na hakuna aliyenikaripia adabu. Wa kulia ulikuwa umeshika kitabu. Sikuuachia.

Octave Losala